Kabla ya Kung'oa Mimea ya Ukutani, Chunguza Chokaa

Tangu nianze kutunza ukuta wa mawe ulio nyuma ya nyumba ninayoishi Oxford, Uingereza, nimejionea kwamba mimea ya ukutani hustawi au kutoweka kutegemea kile kinachoyashikanisha mawe.

Mingi ya mimea hiyo ni ya kigeni. Senecio squalidus, wenye maua ya manjano, asili yake ni mlima Etna huko Sicily. Uliletwa katika bustani ya mimea ya Oxford, ukatorokea kwenye kuta za mji katika karne ya 18, na reli ilipofika mwaka 1844 ukapata njia ya kuenea nchini, kwa kuwa kokoto na masalia ya makaa yaliyotandazwa relini yalifanana na ardhi ya volkano ulikotoka. Mtaalamu wa mimea George Claridge Druce alisimulia jinsi mbegu zake zilivyoingia ndani ya behewa Oxford, zikapeperuka humo hadi kituo cha reli cha Tilehurst. Siku hizi umepungua, na katika mtaa wangu sababu mojawapo ni dhahiri: viungo vya chokaa kati ya mawe, vilivyo laini na vyenye kuhifadhi unyevu, vinazibwa kwa saruji. Hasara si ya mimea peke yake, kwani unyevu uliozuiwa na saruji hutoka kwa kupitia jiwe lenyewe, na baridi kali ikiugandisha, uso wa jiwe humeguka.

Kwa hiyo nakushauri uitambue mimea kabla ya kuigusa. Cymbalaria muralis, uliotoka kusini mwa Ulaya, uachwe, maana mizizi yake ni myembamba. Utazame kwa karibu: ua lake la zambarau huelekea kwenye mwanga, lakini likishachavushwa kikonyo hujipinda kuelekea gizani na kuisukuma mbegu ndani ya ufa. Sijaona mmea unaojipanda kwa ustadi kama huo. Buddleja davidii wa China, kinyume chake, ung'oe ungali mchanga, kwa sababu mizizi yake huwa minene na migumu kama mti na kuyatenganisha mawe.

Ukilazimika kuziba viungo, kwangua kwa mkono vile vilivyooza tu, vilowanishe, kisha ujaze chokaa na mchanga. Kazi hiyo ifanywe baada ya majira ya baridi kwisha, na chokaa ifunikwe kwa magunia mabichi ili isikauke upesi. Wenye nyumba za mawe na chokaa Mji Mkongwe, Zanzibar, nao waikatae saruji. Tofauti ni kwamba huko adui wa chokaa mbichi ni jua, si barafu.