Kuacha ualimu ili uwe mshauri wa gavana

Mwalimu wa Kakamega, nimekuelewa: gavana anakutaka uwe mshauri wake, nawe umeshaanza kuandika barua ya kujiuzulu. Ngoja kwanza. Barua ya uteuzi imetoka kwa nani? Kama Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti haihusiki, hiyo ni ahadi tu. Hata Rais wa Kenya alikwama kwa utaratibu wa uteuzi: Julai 2023 Mahakama Kuu ilibatilisha uteuzi wa mawaziri wasaidizi 50, wale CAS.

Kazi ya mshauri kwa kawaida huisha na gavana, na uchaguzi ni Agosti 2027. Badala ya kujiuzulu, omba mwajiri wako, Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), likizo bila malipo. Majukumu yaandikwe, la sivyo utajikuta unapanga viti matangani (wengi wameishia hapo). Wakili wa masuala ya ajira ausome mkataba kabla hujatia sahihi.