Nimemrudisha mke wa mtu mpakani

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nacheza Papers, Please kwenye kompyuta ya kaka, mchezo wa kukaa kibandani mpakani na kukagua karatasi za wanaoingia nchini. Mume kapita, karatasi zake safi. Nyuma yake mkewe, hana kibali cha kuingia. Akanibembeleza, nikamgongea muhuri mwekundu wa kukataliwa. Tangu juzi sina raha. Mama anasema nalilia katuni. Nilikosea?

JIBU: Marahaba. Mama mwache, hajakaa kwenye kile kibanda. Lucas Pope alipoutoa mchezo huu mwaka 2013 alikubana makusudi: unalipwa kwa kila msafiri uliyemkagua sawasawa, na pesa hiyo ndiyo chakula, dawa na moto wa nyumbani. Mimi yule mke nilimpitisha, lakini usinisifu. Makosa mawili ya kwanza ya siku ni onyo tu. Faini huanza la tatu. Huruma yangu ilikuwa karibu ya bure! Siku nyingine, onyo zimekwisha na mtoto anaumwa, kaja mwingine wa kuhurumiwa. Nikamrudisha, wala sikumtazama usoni.

Kama unataka, mchezo unaruhusu kuirudia siku ile. Nami niliirudia yangu, nikampitisha yule mwingine. Yule niliyemrudisha mwanzo bado namkumbuka.