Kabla ya jina, soma tundu: kwa wanaoanza visukuku vya brakiopodi

Wewe unayeanza paleontolojia hapa Makerere utawekewa mezani trei ya brakiopodi, wanyama wa baharini wenye makombe mawili, na hamu ya kwanza itakuwa kutafuta majina. Jina lisubiri. Brakiopodi wengi walikaa mahali pamoja wakichuja chakula majini, kwa hiyo uliza kwanza: huyu alijishikizaje chini ya bahari?

Anzia kwenye ncha ya kombe kubwa. Tundu lililo pale ni la kikonyo, yaani shina la nyama lililomfunga kwenye kitu kigumu. Likiwa pana na wazi, huenda alining'inia hapo hadi utu uzima. Likiwa limezibika, au halipo kabisa, yaelekea alilala juu ya matope au aligandia jiwe kwa kombe lenyewe. Kama alilala, tafuta kilichomzuia asizame. Waprodaktidi, kundi mojawapo la brakiopodi, wa kipindi cha Kaboni (takriban miaka milioni 359 hadi 299 iliyopita) wana kombe la chini lililotuna kama bakuli, na miiba iliyomshikilia kwenye tope. Miiba yenyewe huwa imekatika, basi chukua lenzi, pitisha taratibu kando ya bawaba, pale makombe mawili yanapoungana, na mgongoni ukitafuta visiki vyake vidogo. Kwangu visiki hivyo ni ushahidi mzito kuliko umbo zima. Lingula, brakiopodi mwingine, ni mwembamba, mrefu, laini, umbo la mchimbaji. Jamaa zake wanaishi hadi leo wakiwa wamesimama wima mashimoni mwao.

Ukingo wa makombe nao unasema. Kunjo la katikati hutenga maji yanayoingia na yanayotoka, asichuje tena maji aliyokwisha kuyachuja. Ukingo wa meno ya msumeno hurefusha mlango bila kuupanua, chembe za mchanga zikabaki nje.

Lakini usihukumu kwa alama moja. Mbawa pana za spirifa, kundi jingine la brakiopodi, huweza kusambaza uzito juu ya tope, ila baadhi yao wana nafasi ya kikonyo pia. Hapo tafuta wapangaji: vijumba vya minyoo, au braiozoa, wanyama wadogo sana wa majini waishio kwa makundi, waliojibandika. Wakiwa upande mmoja tu wa nje, yawezekana ndio uliotazama maji. Wakiwa hadi ndani ya kombe, waliingia baada ya mwenyewe kufa.

Brakiopodi ni wa baharini, ndiyo maana hutawapata kwenye mashapo ya ziwa ya Bonde la Ufa. Jicho hilohilo lakini lina kazi Kaiso, ufukweni mwa Ziwa Albert, kwenye tabaka zenye konokono na kombe za maji baridi. Chaza wa Nile, Etheria, hujigandisha kwenye jiwe kwa kombe moja na kufuata umbo la jiwe hilo. Ukimkuta, usikimbilie kuandika kwamba pale palikuwa na tope tupu. Na kabla hujamchimbua yeyote, piga picha, andika upande upi unatazama juu, na kama makombe mawili bado yameshikana. Akishaingia mfukoni, hayo huyapati tena.