Nyenje wako wanakufa kwa unyevu

Masika ikiingia tu, watu huanza kunitafuta. Mtu ana kinyonga au mijusi wa kufuga, kakamata nyenje zaidi ya mia wa kuwalisha, kawatia ndoo yenye mfuniko, kawapa mchicha na kisosi cha maji, na siku ya tatu nusu yao wako chali. Suali huwa lile lile: "Ami, niwape chakula gani?" Mimi humuuliza kwanza ndoo inanukaje.

Chakula hakina shida kabisa, nyenje anakula karibu kila ulichonacho jikoni. Kinachomuua hapa kwetu ni hewa iliyosimama. Kinyesi chao kikiloa kinachacha na kutoa amonia, ile harufu inayochoma pua, na ndani ya chombo kilichofungwa haina pa kutokea. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ndiyo maana yanakwambia uweke taa ya joto na ufunge vizuri. Nyenje anapenda nyuzi joto 28 hadi 32. Unguja na Pemba joto hilo tunalo bure sehemu kubwa ya mwaka, na hata Kipupwe, mwezi wa Julai na Agosti, wanachelewa kukua tu, hawafi. Taa haikusaidii kitu. Unachohitaji ni upepo.

Kwa hiyo tumia boksi kubwa la plastiki, yale ya kuwekea nguo. Kata sehemu kubwa ya mfuniko, kisha kata madirisha mawili ubavuni, yaelekeane ili hewa ipite. Ziba kwa wavu mwembamba wa chuma, kwa sababu wa nailoni wanautafuna usiku na asubuhi unawakuta chini ya kabati. Na tafadhali sana, usichukue kipande cha chandarua cha kulalia. Vyandarua tunavyogaiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na nyenje ni mdudu. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo usiiwashe chumba kimoja nao, wala usipulize dawa ya mende.

Ndani simamisha trei za mayai za karatasi, zisilale, ili kinyesi kidondoke chini na wao wapate pa kujificha. Sakafu iache tupu, bila mchanga wala majani. Sakafu tupu unaiona: waliokufa unawatoa siku hiyo hiyo, kinyesi unakifagia kila baada ya siku mbili tatu. Ukinyanyua trei asubuhi, nyenje wazima hutawanyika mara moja, ndevu zinachezacheza. Wakibaki wamejikunyata na trei imelegea mkononi, unyevu umeshaingia. Ianike juani, na ikiwa imeshafanya ukungu itupe. Msimu wa mvua boksi likae barazani penye upepo, mbali na michirizi.

Maji ndiyo yanayowaponza wengi. Nyenje wadogo huzama hata kwenye maji ya kina cha ukucha. Pamba iliyoloweshwa inafaa, lakini kwa hali yetu inavunda haraka, usipoibadilisha kila siku inakuwa sumu. Mimi nawapa vipande vya tango au boga asubuhi, na jioni natoa mabaki. Hayo yanatosha kwa kiu yao. Chakula kikavu kiwe chakula cha vifaranga, uchanganye na dagaa kidogo waliosagwa. Dagaa hao ni muhimu. Wakikosa protini wanalana, na anayeanza kuliwa ni yule aliyetoka kujivua gamba, maana wakati ule ni mweupe, laini, na miguu haijapata nguvu ya kuruka. Mboga za sokoni ziosheni sana. Kama una tuta la matembele nyuma ya nyumba, hilo ni bora, kwa kuwa unajua halikupigwa dawa.

Sisimizi na majimoto sitawazungumza kwa urefu: weka boksi juu ya meza, kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji yenye sabuni, na meza isiguse ukuta. Basi.

Ukitaka wazaane, ndipo raha ya kazi hii ilipo. Jike utamjua kwa mwiba mrefu mwembamba uliotoka nyuma, huo ndio wa kutagia. Mtengenezee bakuli la vumbi la makumbi ya nazi, lenye unyevunyevu lakini lisichuruzike ukiliminya. Tunalo tele, hasa kule kunakopigwa makumbi kupata usumba wa kamba, lakini makumbi yale yamefukiwa pwani miezi mingi na yamejaa chumvi. Yasuuze kwa maji ya bomba mara kadhaa. Mchanga wa ufukweni usiutumie kwa sababu hiyo hiyo. Kaa kimya uangalie: jike atapapasa kwa ndevu, atainua kiwiliwili, atauzamisha mwiba wima mpaka mwisho, atulie, autoe, asogee kidogo, arudie. Hamisha bakuli baada ya siku chache, lifunike kwa kitambaa, lisikauke. Kwa joto letu vifaranga hutoka kwa kiasi cha wiki mbili, na huwa wakubwa kwa wiki sita hadi nane.

Aina ninayoifuga ni yule mweusi mwenye madoa mawili ya manjano mabegani, Gryllus bimaculatus, nyenje wa bara letu hili. Nyenje wa kahawia anayefugwa sana Ulaya na Marekani, Acheta domesticus, alipigwa na virusi vilivyoangamiza mashamba mazima, Marekani hasa kuanzia 2009 na 2010. Huyu mweusi wetu virusi vile havimsumbui. Sioni haja ya kutamani wa nje.

Sasa kumlisha kinyonga. Nyenje asizidi upana wa nafasi iliyo baina ya macho ya mnyama wako. Siku moja kabla, mshibishe matembele na boga, kwa sababu alichonacho tumboni ndicho kinyonga anachopata. Kisha mpake unga wa kalisi: nyenje ana fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na mnyama anayemla mtupu mifupa hulainika, miguu ikapinda. Okota ufukweni ule mfupa mweupe wa dome, yule wa jamii ya ngisi, uloweke maji baridi mpaka chumvi itoke, uanike, uponde, uchunge kwa kitambaa chepesi. Tia unga kidogo kwenye mfuko pamoja na nyenje, tikisa taratibu, mimina. Wape wachache, wanaoliwa wakaisha. Wanaobaki watoe kabla ya magharibi, kwani kinyonga akilala nyenje mwenye njaa humng'ata ngozi, na kidonda cha kinyonga hakiponi upesi kwenye hewa hii yetu.