Chomeka pini kwanza, ndipo uzungushe mstari

Likizo iliyopita mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuja kwangu hapa Malaba na daftari lake la hesabu. Grafu zake zilikuwa safi. Nikamwuliza: kwenye y = mx + c (m ni mteremko wa mstari, c ni pale unapokata mhimili wa y), ukiongeza m mstari unafanya nini? "Unapanda juu, mjomba." Na ukiongeza c? "Unapanda juu pia."

Wengi ninaowasaidia hukwama hapo hapo, kwa sababu wamechora mistari mingi bila kuusogeza hata mmoja. Neno lenyewe, mteremko, nalo linawachanganya: m ikiwa chanya, mstari unapanda ukielekea kulia!

Tukaanza na nauli ya boda. Tuseme ukipanda tu unadaiwa shilingi 1,000, kisha 500 kwa kila kilomita: y = 500x + 1,000. Nikabandika karatasi ya grafu kwenye boksi, nikatoboa mrija wa soda katikati, nikauchomeka kwa pini pale kwenye 1,000 ya mhimili wa y.

Petroli ikipanda bei, kilomita moja inakuwa 700. Pini usiiguse, zungusha mrija tu. Kilomita 4 zilizogharimu 3,000 sasa ni 3,800, ila kwenye sifuri bado ni 1,000. Halafu tazama kushoto kwa mhimili: huko mrija umeshuka. Mpwa wangu aliuzungusha mara tatu nne, akanyamaza, akafuta jibu lake la kwanza.

Usiku dereva anaongeza 500 kwa kila safari, iwe ndefu au fupi. Sasa ng'oa pini, upandishe mrija mpaka 1,500 bila kuuinamisha. Kila nukta imepanda 500, na mstari mpya uko sambamba na ule wa zamani.

Ukichanganyikiwa, toa nauli ya zamani kwenye mpya, kwanza x ikiwa 0, kisha ikiwa 4. Tofauti ikibaki ile ile, kilichobadilika ni c peke yake. Ikianza na sifuri kisha ikakua, ni m.

Mtego ni mvua, dereva anaposema nauli mara mbili. Hapo nauli ile ya mwanzo inakuwa y = 1,000x + 2,000: vyote viwili vimebadilika. Fanya kimoja kimoja: pandisha mpaka 2,000, chomeka, ndipo uzungushe. Mpwa wangu alipomaliza akairefusha mistari, wa mwanzo na huu mpya, kwa rula kuelekea kushoto, akaniita: "Mjomba, yote miwili inakata mhimili wa x kwenye −2!" Hilo sikuwa nimemwambia.