Maswali ya Wenye Malori: Ajali, Fidia na Kesi za Madereva

Barua tulizopokea safari hii zimetoka kwa wenye malori ya barabara ya Mombasa hadi Malaba, wengi wao wakiwa na gari moja, mawili au matatu. Tumechagua tano. Majibu yanafuata sheria za Kenya.

Trela langu liligongana na bodaboda karibu na Mtito Andei. Dereva alishtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, akakubali kosa ili arudi kazini upesi, nami nikamlipia faini. Sasa wakili wa abiria wa bodaboda ameniandikia barua ya kudai fidia. Watu wa bima wanasema nisiwe na wasiwasi. Nianzie wapi? — M.K., Changamwe

Ndugu M.K., barua hiyo itoe nakala leo hii, uipeleke kwa kampuni ya bima, na nakala utakayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Usimjibu wakili huyo mwenyewe. Kumjulia hali majeruhi ni utu, lakini usimwahidi pesa: mikataba ya bima kwa kawaida inamkataza mwenye gari kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini yao, na ahadi ya simu moja yaweza kuwapa sababu ya kukukana.

Penye uzito zaidi ni pale dereva alipokubali kosa. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya jinai isiyokatiwa rufaa, au ambayo rufaa yake imeshindwa, ni uthibitisho kamili kwamba aliyehukumiwa alitenda kosa hilo. Kwa hiyo huwezi tena kusimama mbele ya hakimu wa kesi ya fidia ukadai kwamba dereva wako hakukosa lolote. Tumeona wengi wakilipa faini ndogo asubuhi ili gari lifike Nairobi jioni, na miaka miwili baadaye faini hiyo ikawagharimu mamilioni. Dereva mwenye kosa akiri, ni haki. Lakini akiri baada ya wakili kuisoma ramani ya ajali iliyochorwa na polisi na ripoti ya ukaguzi wa gari, akijua anachokiri.

Hata hivyo mlango haujafungwa kabisa. Hukumu hiyo inathibitisha kosa la dereva wako. Haisemi kwamba mwendesha bodaboda hakuchangia. Mahakama bado inaweza kugawa lawama kwa asilimia. Sasa angalia vizuri anayekudai ni nani. Angekuwa mwendeshaji mwenyewe, ungesema alikata kona bila ishara, na sehemu ya fidia ingepungua. Kwa abiria haiwi hivyo, kwa sababu kosa la aliyembeba si kosa lake. Wakili wako aombe ruhusa ya mahakama kumwingiza mwendesha bodaboda katika kesi kama mhusika wa tatu, ndani ya siku 14 baada ya pande zote kumaliza kuwasilisha hati zao za madai na utetezi. Hatua hii husahauliwa mno, na ikisahauliwa mzigo wote unabaki kwako.

Kofia nayo itajwe kwa akili. Sheria ya Trafiki inadai kofia na jaketi la kuakisi mwanga, na abiria mmoja tu nyuma. Kama aliyeumia alivunjika mguu, kutovaa kofia hakupunguzi kitu. Kama aliumia kichwa, ni hoja nzito. Abiria wakiwa watatu juu ya pikipiki moja, uliza polisi waliandika nini siku ile.

Ushahidi ukusanye wiki hii hii, maana kuna unaofutika wenyewe. Omba kampuni ya trakaki, kile kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari, ikuhifadhie rekodi ya siku nzima, si dakika ya ajali peke yake, kwani kasi ya nusu saa iliyotangulia ndiyo itakayoulizwa. Kidhibiti mwendo cha lori kinatakiwa kulizuia lisipite kilomita 80 kwa saa. Pata cheti chake na data yake kabla haijafutwa na data mpya. Tafuta tiketi ya mizani ya Mariakani: ina saa, namba ya gari na uzito wa kila ekseli. Tiketi hiyo inakata pande zote mbili. Ikionyesha uzito ulikuwa ndani ya kiwango, inakulinda. Ikionyesha ulizidi, mdai akiipata ataitumia kueleza kwa nini breki hazikushika. Kama ulibeba mzigo wa transiti wenye sili ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, kuna rekodi nyingine ya mwendo wa gari isiyotoka kwako, na hakimu huiamini zaidi kwa sababu hiyo.

Ripoti ya ukaguzi ndiyo inayosema kama gari lilikuwa na hitilafu kabla ya ajali. Usibadilishe hata tairi kabla mkaguzi hajamaliza, na fundi wako awepo akitazama.

Dereva naye aandike maelezo kwa mkono wake, kwa lugha anayoiweza, atie tarehe na sahihi. Chukua namba yake, ya mkewe au nduguye, na kijiji chake. Madereva huhama kampuni, na kesi za aina hii mara nyingi huanguka kwa sababu siku ya kusikilizwa hakuna aliyekuwapo barabarani. Utetezi ulioandikwa vizuri bila shahidi hubaki kuwa maneno matupu.

Kisha kagua dai lenyewe. Linganisha namba ya OB iliyo kwenye abstrakti, yaani hati ya polisi ya muhtasari wa ajali, na ile iliyo kwenye kitabu cha matukio cha kituo. Tazama kama jina la mdai limo kwenye daftari la wagonjwa la hospitali anayotaja, kwa tarehe ile ile, na kama fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, inataja majeraha yale yale. Omba apimwe na daktari wa upande wako pia. Vipimo viwili vya mguu mmoja huweza kutofautiana sana kuhusu ulemavu wa kudumu. Gharama za matibabu zinatakiwa kuthibitishwa kwa stakabadhi, shilingi kwa shilingi.

Na hiyo "usiwe na wasiwasi" ya bima isikulaze. Bima ya lazima inamlipa mdai mmoja hadi shilingi 3,000,000. Hukumu ikizidi hapo, kinachobaki ni chako, isipokuwa kama mkataba wako una kiwango cha juu zaidi. Jua jina la wakili waliyekuwekea na namba ya kesi, na umpigie kabla ya kila tarehe ya mahakama.

Niliuza lori mwaka juzi, mnunuzi akamaliza kulipa, lakini logibuku (hati ya usajili wa gari) haikubadilishwa. Limeua mtu Gilgil na mimi ndiye nimeshtakiwa. — Mama S., Nakuru

Mama S., pole kwa msiba uliokufikia bila wewe kuwa barabarani. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamchukua aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari, hadi ithibitishwe vingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo njia yako. Katika kesi ya Securicor dhidi ya Kyumba Holdings, mwaka 2005, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba umiliki halisi unaweza kuwa kwa mtu mwingine ingawa jina la zamani bado lipo kwenye usajili.

Lete mkataba wa mauzo wenye tarehe, taarifa ya benki au M-Pesa inayoonyesha malipo, hati aliyotia sahihi akipokea gari, na cheti cha bima alichokata mnunuzi kwa jina lake. Hicho cha mwisho kina nguvu sana, kwani mtu hakati bima ya gari lisilo lake. Mwambie wakili amwingize mnunuzi katika kesi mara moja, wala asingoje siku ya ushahidi. Jina linatakiwa kubadilishwa ndani ya siku 14 baada ya kuuza. Kwa gari lolote utakalouza tena, kamilisha uhamisho kwenye mfumo wa NTSA, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, kabla funguo hazijatoka mkononi mwako.

Dereva wangu alifyonza mafuta Salgaa, grafu ya tanki inaonyesha. Nilimfukuza kwa simu na nikazuia mshahara wake wa mwezi kufidia mafuta. Amekwenda kwa wakili. Mwizi naye ana kesi? — Mwenye malori matatu, Eldoret

Anayo, ndugu, na kwa jinsi ulivyofanya, ana kesi nzuri. Sheria ya Ajira ya 2007 inauliza maswali mawili yanayokwenda mbalimbali: ulikuwa na sababu halali? Na ulifuata utaratibu? Ukishindwa la pili, la kwanza halikuokoi. Litakupunguzia tu kiasi cha kulipa.

Utaratibu uko kwenye kifungu cha 41, na hauhitaji ofisi kubwa. Unamwandikia dereva tuhuma zenye tarehe, mahali na lita. Unampa muda wa kujiandaa. Sheria haitaji idadi ya siku, lakini kumwita asubuhi ajibu adhuhuri kutaonekana ni kumvizia. Katika kikao unamweleza kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake aliyemchagua au mwakilishi wa chama kazini. Unamsikiliza, kisha unaamua na kumwandikia sababu. Mambo yote yaandikwe na kutiwa sahihi. Hata wizi wa wazi unaoruhusu kufukuza papo hapo hauondoi kikao hiki.

Kuhusu grafu, jihadhari. Kipimo cha tanki hushuka lori likiegeshwa kwenye mteremko, na hurukaruka mafuta yakicheza ndani. Mbele ya jaji, grafu peke yake ni dhaifu. Ioanishe na vitu vitatu: injini ilikuwa imezimwa wakati kiwango kinashuka, kiwango hakikurudi gari lilipofika barabara tambarare, na kilomita kwa lita za safari hiyo ziko chini ya safari nyingine za gari lilelile lenye mzigo kama ule. Ongeza stakabadhi za kituo cha mafuta. Hapo utakuwa na sababu inayosimama.

Mshahara uliozuia mlipe sasa, bila kungoja amri. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata kiasi cha wastani kwa hasara aliyoisababisha mfanyakazi kwa makusudi, lakini makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara; kuchukua mwezi mzima ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Mpe pia siku za likizo alizolimbikiza, kwa hesabu ya siku 21 kwa mwaka, na cheti cha utumishi. Ukishindwa kesi, fidia hufika hadi mishahara ya miezi 12, bila kuhesabu malipo ya notisi. Kwa hiyo, kama wakili wake yuko tayari kuzungumza, nasi tunakushauri uzungumze.

Kuna dai jingine litakalokuja nyuma ya hili: saa za ziada na siku za mapumziko. Usishangae wakili wake akiiomba trakaki ile ile uliyoitumia kumfukuza, maana inaonyesha pia alivyoendesha Jumapili. Kama huna mkataba wa maandishi, basi masharti ya ajira atakayoyadai yeye ni wewe utakayebeba jukumu la kuyakanusha. Na kumwita "dereva wa tripu" hakusaidii kama amekuwa kwenye usukani wako mwezi baada ya mwezi.

Utingo wangu aliteleza juu ya kontena akifunga turubai, akavunjika nyonga. Anasema atanipeleka kortini na nimlipe kupitia bima ya lori. — A.H., Miritini

Bima ya lazima ya lori hailazimiki kumlipa mfanyakazi wako aliyeumia kazini. Anayo njia yake: Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019. Dai linakwenda kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na kesi ya fidia dhidi ya mwajiri inazuiwa na kifungu cha 16. Akienda kortini moja kwa moja, wakili wako apinge mamlaka ya mahakama hiyo mwanzoni kabisa.

Lakini kinga hiyo ina sharti upande wako. Ripoti ajali ndani ya siku saba kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Mtu akifa, ndani ya saa 24. Matibabu ni juu yako. Ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96 mara asilimia aliyopewa na daktari. Mtu wa shilingi 20,000 kwa mwezi mwenye ulemavu wa asilimia 10 anapata 192,000. Usiporidhika na uamuzi, una siku 60 za kupinga kwa Mkurugenzi, kisha siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira. Yeye ana miezi 12 tangu ajali kuwasilisha dai, basi mkumbushe. Kijana aliyevunjika nyonga akikufungia turubai anastahili kulipwa.

Kama hukuwa na bima ya majeraha kazini, pesa hizo zinatoka mfukoni mwako. Kata bima hiyo kabla ya safari inayofuata, na uweke majina ya matingo wote, hata wa siku mbili.

Samansi aliachiwa mlinzi wa yadi, akaisahau. Sasa dalali wa mahakama ameorodhesha lori langu. — J., Athi River

Mtafute wakili leo. Aombe mambo mawili katika ombi moja la dharura: kuzuia mnada, na kufuta hukumu iliyotolewa bila wewe kusikilizwa. Kama kampuni imesajiliwa, samansi ilitakiwa apewe mkurugenzi, katibu au afisa mkuu, hivyo kumpa mlinzi ni hoja ya kweli. Usiitegemee peke yake. Ambatisha rasimu ya utetezi unaoonyesha kuna jambo la kubishaniwa, na hati ya kiapo ya mlinzi akieleza alipokea lini na aliiweka wapi. Uwe tayari kuamriwa kuweka sehemu ya pesa mahakamani kama dhamana.

Fanya haraka hata zaidi kama hukumu ni ya Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Kesi zake zinatakiwa kumalizika ndani ya siku 60, na rufaa yake huangalia sheria tu, haifungui upya ushahidi.

Na yadi iwe na daftari la karatasi zinazopokelewa, lenye tarehe, saa na jina la aliyeleta, na mtu mmoja wa kulifungua kila jioni.