Uende mapafu na usingizi? Jibu langu baada ya miaka 11

Mdogo wangu, umeuliza kama ukimaliza mafunzo ya vitendo uingie magonjwa ya moyo, ambako wenzako wote wanakimbilia, au mapafu na usingizi, ambako umeambiwa hakuna jipya. Nina miaka 11 kwenye fani hii, na ningerudishwa nyuma ningeichagua tena.

Njia ni ndefu: magonjwa ya ndani kwanza, kisha ubobezi wa mapafu, na mara nyingi usingizi unasomewa juu yake. Utasoma spirometri, yaani kipimo cha uwezo wa mapafu kupuliza hewa, utapitisha kamera kwenye njia za hewa, utatoa maji kifuani. Utakutana na pumu, kifua kikuu, saratani, na mapafu yaliyojaa makovu. Hawa wa makovu watakuumiza, maana wengi wao utawasindikiza tu.

Nikiwa bado nasomea ubingwa, usiku mmoja aliletwa mzee ambaye sigara ilikuwa imemmaliza mapafu. Oksijeni kwenye damu asilimia 84. Nikaifungulia kwa nguvu, ikapanda hadi 99, nikaondoka nimeridhika. Saa moja baadaye mzee anasinzia, anaitwa haitiki: kaboni dioksaidi ilikuwa imemjaa kwenye damu. Mkubwa wangu alimrudisha kati ya 88 na 92, akamwekea barakoa ya kumsaidia kupumua, mzee akaamka. Kisha mkubwa wangu akaniambia, "Ulitazama namba, hukumtazama anavyopumua." Tangu siku hiyo nasimama kwanza miguuni pa kitanda nihesabu pumzi.

Kuhusu upande wa usingizi, watu walinidanganya kuwa ni kushughulika na wakoromaji tu. Nilimpata dereva wa lori aliyekuwa akisinzia kwenye usukani. Tulimlaza maabara akipimwa, na kwenye skrini mstari wa hewa ya puani ulilala kabisa, huku mikanda ya kifua na tumbo ikivutana kinyume. Sekunde 10, 20, 45. Oksijeni ikashuka hadi 71, ndipo akashtuka kwa mkoromo mmoja mkubwa. Pumzi kukatika zaidi ya mara 30 kwa saa ni hali kali. Yeye alifika 62. Zamani mtu kama huyu alitobolewa koo ili apate pa kupumulia. Ndipo mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake kule Sydney wakaeleza namna ya kuizuia njia ya hewa isifunge kwa kusukuma hewa puani, na mashine ya CPAP ikazaliwa. Dereva wangu aliivaa. Mkewe alinieleza kuwa usiku wa kwanza nyumbani aliamka mara tatu kumwekea mkono kifuani, kwa jinsi chumba kilivyokuwa kimya.

Si wote wanaofika hapo. Wapo watakaoitupa mashine kabatini wiki ya pili, na utatumia muda mwingi kuwabembeleza, kubadilisha barakoa, kusikiliza malalamiko ya pua kukauka. Kama huna subira na maradhi yasiyoisha, hapa utachoka mapema. Tena rekodi ya usiku mmoja wa kulala kwa muda wa saa nane ina kurasa 960 za sekunde thelathini thelathini, na lazima ujifunze kuzisoma wewe mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Kabla hujaamua, omba kukesha usiku mmoja kwenye maabara ya usingizi. Usiondoke saa sita. Baki hadi karibu na alfajiri, wakati usingizi wa ndoto unapozidi, misuli ya koo inalegea, na mgonjwa aliyeonekana mzima usiku kucha anaanza kukatika pumzi mbele ya macho yako.